Kununua msumeno wa meza wa mtumba Malindi: angalia kwanza kisichotengenezeka

Msumeno wangu wa kwanza wa meza niliununua kwa macho. Ulikuwa umepakwa rangi mpya ya kijani, meza inang'aa, na muuzaji mmoja wa Mombasa aliuwasha mbele yangu kwa muda wa kuhesabu hadi tano, bila bledi, kisha akauzima. Ulinguruma vizuri. Nikalipa, nikaupakia kwenye pikapu hadi Malindi, na jioni ile ile nikapitisha ubao wa mvinje. Mkato ulitoka umeungua upande mmoja, mweusi kama ukoko. Ubao wa pili ulirudi na teke ukanipiga ubavuni. Wiki mbili nilihangaika na fensi, ile reli ya kuongozea ubao, nikidhani mimi ndiye ninayekosea, mpaka ami yangu, seremala wa makasha kule Lamu, alipokuja kwa ajili ya arusi. Aliuzungusha ule mduara wa meno kwa kidole, mara tatu, polepole, huku ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mlango. Kisha akasema, "Mwanangu, shafti hii imepinda. Mashine hii ilianguka kabla hujaijua." Shafti ni kile chuma kinachobeba na kuzungusha bledi.

Karakana niliyoiendea ilinitajia bei ya kuchonga shafti nyingine iliyokaribia bei ya mashine nzima. Nikauuza ule msumeno kama chuma chakavu.

Tangu siku hiyo nimekagua misumeno mingi, yangu na ya majirani walioniomba niwasindikize, na naigawa kila mashine mafungu mawili. Kuna vitu vinavyokufa na kufufuka: bledi, beringi, mkanda, swichi, kapasita, waya, hata fensi. Na kuna vitu ambavyo vikifa ndio basi: meza, shafti, ile fremu ya chini ya meza inayobeba shafti, na mota iliyoungua koili. Fungu la pili linunue likiwa zima. Fungu la kwanza likiwa bovu, usinune, kwani hilo ndilo litakalokushushia bei.

Hatua ya 1: jua utapasua nini

Kabla hujatafuta, angalia mbao unazozitumia. Huku kwetu wengi tunafanya kazi na mvinje, mwarobaini, mwembe, na mara moja moja mvule au mbambakofi ukibahatika kupata milango ya zamani iliyobomolewa. Bledi ya inchi 10 (milimita 254, za Ulaya ni 250) ikisimama wima inakata kina cha milimita 75 hadi 80 hivi, na hiyo inatosha kazi zote za nyumbani. Nguvu ya wati 1,500, yaani kama farasi wawili, inapasua mvule wa inchi mbili ukiwa na subira na bledi kali. Mbao za mnazi ni suala la peke yake: si nguvu zinazotaka, ni meno. Zinasugua bledi kama zina mchanga ndani.

Misumeno yenyewe utakutana na ya aina tatu. Ya kwanza ni midogo ya kubebwa kwa mkono, kilo 20 hadi 35, meza ya alumini, mota ya brashi (vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme ndani yake) inayopiga kelele. Ya pili ni ile ya miguu, inayozungushwa kwa mkanda, kilo 100 na zaidi, meza ya chuma cha kusubu, mota ya induksheni, isiyo na brashi, ya sauti nzito ya chini. Ya tatu ni ya kabati, kilo 200 na kupanda, na hiyo ni ya karakana ya biashara. Kama una ua na sakafu ya saruji Malindi, mimi nakushauri ya pili. Inatulia, inatengenezeka, na vipuri vyake si vya kampuni moja pekee. Kama unaishi Lamu mjini, ghorofani, na kila kitu kinapita kwenye vichochoro kwa punda au kwa bega la hamali, chukua ya kwanza na ukubali kelele zake.

Kama haja yako ni rafu mbili na kitanda kimoja, acha kabisa msumeno wa meza. Msumeno wa mviringo wa mkono na ubao ulionyooka wa kuuongozea utakufikisha kwa pesa kidogo zaidi.

Hatua ya 2: gawanya pesa kabla hujazitoa mfukoni

Kosa la watu wengi ni kutumia pesa zote kwenye mashine. Ukiwa na shilingi 30,000, jihesabu kuwa una 22,000. Hizo nyingine ni za bledi mpya, beringi, plagi na waya, usafiri, na miwani. Mashine ya mtumba karibu kila mara inakuja na bledi iliyochoka, na kwa bledi butu hata msumeno mzuri unakuwa hatari, kwa sababu utausukuma ubao kwa nguvu, na mkono unaosukuma kwa nguvu ndio unaoteleza.

Hatua ya 3: mahali pa kutafuta

Malindi ina bahati ambayo miji mingi haina. Waitaliano wamekuwa wakijenga na kuishi hapa kwa miongo mingi, na wengine wao ni mafundi wa kweli: utakuta gereji ya nyumba ya ufukweni ina msumeno, randa ya umeme, na jiriwa. Wanapouza nyumba au kurudi kwao, vitu hivi huuzwa. Msimu wa wageni ukiisha baada ya Pasaka, kabla mvua za kusi hazijashika, ndio wakati wa kuulizia. Waulize askari wa nyumba, mafundi bomba, watunza bustani. Wao ndio wanaojua nani anafunga mizigo.

Lakini hapa kuna jambo la kuzingatia sana. Askari akikuambia "bosi amesema niuze", omba kuzungumza na huyo bosi kwa simu, au upate ujumbe wake wa maandishi, kisha mwandikiane hati yenye majina, tarehe, namba ya mashine na bei. Sheria ya Kenya inamwadhibu hata anayepokea mali ya wizi. Pia si vizuri kumwingiza kijana wa watu kwenye shida kwa sababu ya msumeno.

Kwingine ni kwa mafundi wanaofunga karakana au wanaopanda kwenda mashine kubwa. Hao napenda kununua kwao, kwa kuwa mashine imetumika na unaweza kuona kazi zake. Wapo pia wauzaji wa mali ya Ulaya kule Mombasa, na matangazo ya mitandaoni. Kwa matangazo kanuni ni moja: usitume hata shilingi ya kushikia kwa M-Pesa kabla hujaigusa mashine kwa mkono wako.

Hatua ya 4: omba picha ya kibao

Kabla ya kupanda matatu, mwambie muuzaji akutumie picha tatu: kibao cha mota, chini ya meza, na bledi kwa karibu. Kibao pekee kinaweza kukuokolea safari.

Kwanza volti. Umeme wetu ni volti 240, hezi 50. Mashine ya Ulaya iliyoandikwa 230V 50Hz inafaa bila tatizo. Ikiandikwa 120V 60Hz, hiyo ni ya Marekani. Ukiichomeka moja kwa moja inaungua, na transfoma ya kuibeba ni kubwa, nzito na ghali. Muuzaji akikuambia "fundi wa stima atakubadilishia tu," shukuru, endelea na safari yako.

Pili, alama ya fezi. Ukiona 1~ ni fezi moja, ya nyumbani. Ukiona 3~ na 400V au 415V, ni ya viwanda. Mashine za fezi tatu huuzwa rahisi mno kwa sababu hiyo hiyo, na mtu wa nyumbani akishindwa na tamaa anaishia kuwa na meza nzito ya kuwekea vikombe.

Tatu, wati, na hapa soma vizuri. Vibao vya Ulaya mara nyingi vina namba mbili: moja mbele ya S1, nyingine mbele ya S6 40%. S1 ni nguvu ambayo mota inaweza kuitoa mfululizo bila kupumzika. S6 40% ni nguvu ya vipindi: katika kila dakika kumi, dakika nne za kazi na sita za kuzunguka bure. Muuzaji atakutajia namba kubwa, kwa mfano 2,000. Wewe linganisha mashine kwa namba ya S1, ambayo pengine ni 1,500. Kumbuka pia kuwa soketi yetu ya ampea 13 mwisho wake ni wati 3,120 hivi, na mota inapoanza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya mvuto wake wa kawaida.

Nne, mizunguko kwa dakika. Mota ya induksheni kwa hezi 50 itaandikwa 2,800 na kitu. Ikiandikwa 4,000 au 5,000 bila mzigo, hiyo ni ya brashi. Si mbaya, ila ujue unachonunua.

Mwulize pia tundu la bledi ni milimita ngapi. Za Ulaya nyingi ni 30. Za Marekani ni inchi 5/8, karibu milimita 16. Ipigie simu hadiwea yako uulize kama bledi ya ukubwa huo ipo kabla hujafunga bei. Pete za kupunguzia tundu zipo na zinafaa. Kulikuza tundu kwa tupa hakufai kabisa: bledi haitakaa katikati.

Hatua ya 5: ukaguzi wa mkono

Nenda mchana. Chukua tochi, rula ndefu ya chuma iliyonyooka, karatasi mbili za daftari, chaki, bisibisi, sarafu ya shilingi 20, miwani ya kazi, kipande cha ubao chenye skrubu iliyochomoza ubavuni, na kipande kingine cha kupasua. Ukifika, salimia, kunywa chai ukikaribishwa, kisha chomoa plagi mwenyewe. Usiguse bledi ya mashine iliyochomekwa, hata ukiambiwa swichi imezimwa.

Anza na shafti, kwa sababu ikiwa mbovu mengine yote hayana maana. Shika bledi juu na chini, itikise kwa kuivuta huku na huku. Isicheze. Ikicheza kidogo, pengine ni beringi, na beringi si msiba: nyingi ni za namba za kawaida kama 6202, 6203 au 6204, zinazopatikana hata kwa wauza vipuri vya pikipiki na pampu. Izungushe bledi kwa mkono. Mkwaruzo kama wa mchanga ni beringi. Mzunguko unaokaza mahali fulani na kulegea kwingine ni dalili mbaya zaidi.

Sasa kile kipimo cha ami yangu. Kisimamishe kile kipande chenye skrubu juu ya meza, kikikazwa kisisogee, ncha ya skrubu iguse kwa mbali ubavu wa bledi, chini kidogo ya meno. Zungusha bledi polepole kwa mkono na usikilize. Bledi iliyonyooka juu ya shafti iliyonyooka itagusa sawasawa mzunguko mzima, sssss. Iliyopinda itagusa mahali pamoja na kuachia kwingine: tss, kimya, tss, kimya. Ukisikia hivyo usikate tamaa bado, kwa sababu hujui mkosaji ni bledi au ni shafti. Tia alama ya chaki mahali panapogusa, kwenye bledi na pia kwenye shafti. Legeza nati, izungushe bledi nusu mzunguko juu ya shafti, kaza tena, rudia. Pale panapogusa pakihama pamoja na alama ya bledi, bledi ndiyo iliyopinda na unanunua nyingine. Pakibaki kwenye alama ya shafti, basi shafti au ile sahani inayobana bledi imepinda. Hapo mshukuru mwenye mashine na uondoke. Dakika tano, na mimi zingeniokolea pesa zote za mashine ya kijani.

Meza inafuata. Hewa ya bahari yetu inakula chuma usiku na mchana, kwa hiyo usitarajie meza ya chuma isiyo na kutu. Swali ni kutu gani. Pitisha ukucha. Kutu ya juu juu, nyekundu, inayotoka na kuacha chuma laini chini yake, hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Kutu iliyochimba vishimo ambavyo ukucha unakwama, hiyo haiondoki, ingawa vishimo vichache mbali na bledi havizuii kazi. Kisha simamisha rula kwa ukingo wake juu ya meza, kwa mapana, marefu na mshazari, na ujaribu kupenyeza karatasi ya daftari chini yake. Karatasi moja ni karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Zikipenya mbili katikati, sikosi usingizi. Ukiona mwanga mzima chini ya rula, meza imepinda. Meza za alumini hazipati kutu nyekundu lakini chumvi inazitoa unga mweupe. Angalia mifereji ya kipimo cha pembe kama haijaliwa kingo.

Piga tochi chini ya meza. Utaona gia za kupandisha na kulaza bledi zimejaa unga wa mbao ulioshikamana na grisi hadi ukawa kama mkate. Watu huogopa hapo, lakini huo ni uchafu tu. Unachotafuta ni nyufa kwenye fremu ya chuma cha kusubu, alama za kuchomelea, na meno ya gia yaliyokatika. Fremu iliyochomelewa maana yake mashine imeanguka. Pandisha bledi hadi juu, ishushe hadi chini, ilaze hadi nyuzi 45, irudishe. Ikiwa ngumu lakini inafika, itasafishwa. Isipofika, uliza kwa nini.

Fensi iangalie kwa haraka: inabana mbele na nyuma, au nyuma inaogelea? Fensi mbovu unaweza kuibadilisha na ya kutengeneza mwenyewe kwa bomba la mraba na mbao ngumu.

Kisu cha nyuma, kile kibati kinachosimama nyuma ya bledi, usikipuuze. Kazi yake ni kuzuia mkato usijifunge na kubana meno ya nyuma, na meno ya nyuma ndiyo yanayourusha ubao kifuani mwako. Lazima kiwe kinene kuliko mwili wa bledi na chembamba kuliko upana wa mkato wake. Misumeno mingi ya mtumba huja bila hicho kisu kwa sababu mtu alikivua siku moja na hakukirudisha. Uliza, waache wapekue makabati. Kikikosekana kabisa na mashine si ya aina inayojulikana, mimi sinunui, labda fundi chuma ninayemwamini anichongee kingine kabla ubao wa kwanza haujapita.

Hatua ya 6: washa, na usiridhike na hesabu ya tano

Angalia plagi kwanza. Mashine za Waitaliano wetu mara nyingi zina plagi ya pini tatu za duara zilizopangwa mstari mmoja, au ile ya Ulaya ya pini mbili nene. Nimeona watu wakiilazimisha ya pini mbili kwenye soketi yetu kwa kuingiza kijiti kwenye tundu la juu. Mashine itazunguka, lakini haina waya wa ardhi, na meza nzima ya chuma inaweza kukupiga shoti. Kwa jaribio, omba adapta ya kweli yenye ardhi. Nyumbani utaikata hiyo plagi na kuweka ya ampea 13 ya kawaida, kahawia kwenye pini ya moto (L), buluu kwenye nyutro (N), kijani na njano kwenye ardhi.

Vaa miwani, simama pembeni, si nyuma ya bledi, na iache izunguke dakika tano nzima na bledi yake. Isimamishe sarafu ya shilingi 20 kwa ukingo juu ya meza. Kwenye mashine nzuri ya mkanda itabaki imesimama. Kwenye ndogo ya brashi itaanguka, na hilo halina neno, ila meza isitetemeke hadi fensi itembee.

Mota ya brashi ichungulie kwenye matundu ya hewa. Cheche ndogo za buluu kwenye brashi ni za kawaida. Duara la moto linalozunguka ni mota inayokufa. Mota ya induksheni ikinguruma bila kuzunguka, muuzaji atasema ni kapasita tu, na pengine anasema kweli, maana kapasita ikivimba ndivyo inavyokuwa na bei yake ni ndogo. Basi aibadilishe yeye, mashine izunguke, ndipo mzungumze. Harufu ya vanishi iliyoungua haina mjadala.

Zima, uhesabu. Misumeno ya kanuni za Ulaya inatakiwa bledi isimame ndani ya sekunde kumi. Ikichukua zaidi, breki yake imechoka au ni ya zamani, na utajifunza kusubiri. Kisha washa tena na uchomoe plagi ikiwa inazunguka. Isubiri isimame kabisa, rudisha plagi mikono ikiwa mbali. Isiwake yenyewe. Ikiwaka, swichi haina ulinzi wa umeme kupotea. Hapa kwetu stima hukatika katikati ya ubao na kurudi wakati umeshainama kutoa vipande, kwa hiyo swichi hiyo badilisha siku ya kwanza.

Mwisho pasua kile kipande cha ubao. Pande zote mbili za mkato ziwe za rangi moja.

Hatua ya 7: bei

Usiiponde mashine ya mtu. Ameitumia, pengine imemsomeshea watoto. Taja ulichokiona na gharama yake: "Mzee, mashine yako ni nzima, nimeipenda. Ila bledi imekwisha, beringi inakwaruza, na swichi sina budi kuitoa. Hivi vitatu nitavinunua mimi kabla sijapata hata stuli moja." Kisha taja bei yako na unyamaze. Kunyamaza kunafanya kazi kuliko maneno. Mimi sipunguzi kwa ajili ya kutu ya juu juu wala uchafu, kwa sababu hivyo vinanigharimu jasho tu, na ni haki kumwachia mwenye mali kitu. Omba vipande vyote: spana ya bledi, kipimo cha pembe, kibati cha mdomo wa meza, kitabu. Spana hizo ukizikosa utazitafuta hadi uchoke.

Hatua ya 8: kuisafirisha

Hapa ndipo shafti yangu ya kwanza ilipopinda, nina hakika, mahali fulani kati ya meli na yadi. Toa bledi. Shusha kila kitu hadi chini, kaza kile kinacholaza bledi kisisogee. Usiinyanyue kwa reli za fensi wala kwa mbawa za meza. Ile nzito ilazwe kichwa chini, uso wa meza juu ya godoro kuukuu, ifungwe kamba isitembee. Ndogo itaingia kwenye tuktuk, ukiishikilia mwenyewe.

Ya kwenda Lamu ina safari ndefu zaidi: barabara ya Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha boti. Ifunge kwa turubai, kwa sababu rasharasha moja ya maji ya chumvi inatosha kuianzishia kutu kabla hujafika gatini, na wakati wa kusi rasharasha haikosekani. Ukifika, ipanguse kwa kitambaa cha maji baridi yasiyo na chumvi, ikaushe, na uipake mafuta usiku ule ule, si kesho.

Hatua ya 9: wiki ya kwanza nyumbani

Usipasue kitu bado. Safisha gia kwa brashi ngumu na mafuta ya taa, na usirudishe grisi. Grisi inakusanya unga wa mbao. Nta au unga wa grafaiti unatosha. Meza isugue kwa msasa namba 220 uliolowa mafuta ya taa, ukifuata urefu wake, uikaushe, kisha paka nta ya samani na kuisugua hadi mbao ziteleze zenyewe. Usitumie vipulizo vyenye silikoni: vinaingia kwenye mbao na vanishi inakataa kushika. Vipande vidogo vyenye kutu viloweke kwenye siki usiku kucha, visuguliwe, visuuzwe vizuri, vipakwe mafuta.

Kisha nyoosha bledi na meza. Tia chaki jino moja, lipime kutoka kwenye mfereji wa meza likiwa mbele, lizungushe hadi nyuma, lipime tena jino lile lile. Tofauti isizidi unene wa karatasi moja au mbili. Ikizidi, legeza bolti zinazoshika fremu, gonga taratibu kwa nyundo ya mbao, pima tena. Nilichukua alasiri nzima mara ya kwanza na haikuwa kazi ya bure. Fensi nayo iwe sambamba na bledi. Ikikosea basi ifunguke nyuma kwa unywele, isifunge kamwe.

Bledi ya kuanzia ni ya meno 24 yenye ncha ngumu za kabaidi kwa kupasua, na pesa ikiruhusu, ya meno 60 kwa kukata kwa mapana. Ukiwa na uwezo wa moja tu, chukua ya 40. Waya wa kurefushia uwe wa milimita za mraba 2.5, mfupi, na ukitumia wa kwenye gurudumu ufungue wote usipate joto. Ipandishe bledi kiasi kwamba mabonde ya meno yatokeze kidogo juu ya ubao, si zaidi. Chonga vijiti viwili vya kusukumia kutoka kipande cha mwarobaini uvitundike kwenye mashine yenyewe, kwa sababu kijiti kilichoko stoo hakitumiki. Vua glavu. Kikoi na kanzu vibaki nyumbani, vaa suruali na mikono mifupi. Ukipasua mvule funga pua kwa barakoa nzuri. Unga wake unawasha ngozi na kuziba kifua.

Jioni ukimaliza, funika meza kwa leso kuukuu ya pamba, si nailoni. Nailoni inafungia unyevu ndani na asubuhi utakuta meza imetoa jasho. Msumeno nilionao sasa niliununua kwa fundi aliyekuwa anahamia Mariakani, beringi zikikwaruza na swichi imefungwa kwa utepe, shafti imenyooka kama uzi. Kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini naondoa leso, naupaka nta kidogo, na naizungusha bledi kwa kidole mara tatu.